MUHURI WA KAKAO: ASIYEKUWEPO NA LAKE HALIPO

Wahenga walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini chokoleti inayouzwa siku hizi katika maduka ya Ulaya na Marekani haiachwi ijiuze yenyewe, huvikwa muhuri. Nyingine ina picha ya chura, nyingine ina neno Fairtrade, na kila muhuri humnong'oneza mnunuzi maneno yale yale: "Kula kwa amani. Mkulima wa kakao hii ametendewa haki, msitu haukufyekwa, wala mtoto hakutumikishwa."

Sisi hatuna ugomvi na mtu anayetaka kula kwa amani. Bali twauliza swali ambalo kila mfanyakazi angeliuliza akionyeshwa hati isemayo kwamba yeye ametendewa haki: Je, ni nani aliyekuja kuniuliza?

Swali hilo si la mzaha. Hati hizi za kilimo endelevu zimeenea katika vijiji vya kakao kwa zaidi ya miaka ishirini. Zimebadili namna watu wanavyolima, wanavyohesabiwa, wanavyokutana na wanavyogawana fedha. Yafaa basi tutazame zimemfaa nani, na zimempita nani.

KAZI YENYEWE

Kwanza tufahamu kakao ni kazi ya namna gani. Katika kila magunia matano ya kakao ya dunia nzima, karibu matatu hutoka katika nchi mbili za Afrika ya Magharibi: Kodivaa, ambayo Wafaransa waliiita Côte d'Ivoire, na Ghana, ambayo kabla ya uhuru wake wa mwaka 1957 iliitwa Gold Coast. Sehemu kubwa ya kakao hiyo hailimwi katika mashamba makubwa ya makampuni, kama mkonge. Hulimwa na wakulima wadogo wenye ekari chache. Tunda hukatwa moja moja kwa panga, huchukuliwa kichwani hadi mahali pa kupasulia, na mbegu hutolewa pamoja na ute wake. Kisha hufunikwa kwa majani ya migomba kwa muda wa siku tano au sita zipate kuvunda, na baadaye hutandazwa juani na kugeuzwa-geuzwa mpaka zikauke. Kazi yote hiyo ni ya mikono, na mikono hiyo si ya mwenye shamba peke yake.

Katika Ghana wako watunzaji wa mashamba wasio na ardhi yao wenyewe, ambao hulipwa kwa kugawana mazao. Kwa desturi iitwayo abusa mavuno hugawanywa mafungu matatu, na kwa kawaida mtunzaji hupata fungu moja; kwa desturi iitwayo abunu hugawanywa nusu kwa nusu. Katika Kodivaa mashamba mengi yamesimama kwa jasho la watu waliotoka Burkina Faso na Mali kutafuta riziki. Tena wako vibarua wa siku, na yuko mke wa mkulima, ambaye huvundika, hukausha na kuchota maji ya kuchanganyia dawa. Wasomaji wawakumbuke watu hawa, maana tutawarudia.

MUHURI ULIVYOZALIWA

Muhuri ulizaliwa kwa nia njema. Mwaka 1988 Waholanzi walianzisha alama ya Max Havelaar kwa ajili ya kahawa ya wakulima wadogo wa Mexico, na mwaka 1994 chokoleti yenye alama ya Fairtrade ikaanza kuuzwa Uingereza. Mwaka 2001 makampuni ya chokoleti, yakisukumwa na Seneta Tom Harkin na Mbunge Eliot Engel wa Marekani, yalitia sahihi mapatano ya kukomesha aina mbaya kabisa za kazi ya watoto katika kakao. Mwisho waliojiwekea ulikuwa mwaka 2005. Mwaka huo ukapita na kazi haikwisha; ukawekwa mwisho mwingine, nao ukapita. Katika miaka hiyo makampuni kama Mars, Ferrero na Hershey yaliahidi kwamba ifikapo mwaka 2020 kakao yao yote itakuwa na hati. Ndipo hati zikaenea vijijini kama mvua za masika.

Utaratibu wake ni huu. Wakulima huandikishwa katika kundi. Hufundishwa kupogoa miti, kutumia dawa kwa hadhari, kutofyeka msitu na kutowapa watoto kazi za hatari. Kila mwenye shamba hutakiwa kuweka kumbukumbu. Mkaguzi huja, huchagua mashamba machache katika kundi, na akiridhika, kundi zima hupata hati. Kakao ikinunuliwa kwa hati hiyo, hulipwa nyongeza juu ya bei. Kwa Fairtrade, nyongeza iliyopangwa mwaka 2019 ilikuwa dola 240 kwa tani, nayo hupewa chama cha ushirika ili wanachama waamue matumizi yake kwa kura. Kwa Rainforest Alliance, ambayo iliungana na UTZ mwaka 2018, kiwango cha chini kilichowekwa mwaka 2022 kilikuwa dola 70 kwa tani, nacho humwendea mkulima mwenyewe.

MEMA YAKE

Haki yataka tuseme mema kwanza. Mahali ambapo hati imekutana na chama cha ushirika chenye uhai, maisha yamesogea mbele. Tutazame Kuapa Kokoo ya Ghana. Ilianzishwa mwaka 1993, wakati serikali ilipofungua mlango ili watu binafsi na vyama waweze kununua kakao vijijini. Wakulima walikuwa wamechoshwa na mizani ya udanganyifu. Wakaunda chama chao, wakachagua wapimaji wao wenyewe, wakawa na mizani wanayoiamini. Fedha za nyongeza zikachimba visima na kujenga madarasa. Wanawake wakapewa viti katika kamati za vijiji, na mwaka 2010 mwanamke akachaguliwa kuwa rais wa chama kizima. Tena tangu mwaka 1998 chama hicho kimekuwa na hisa katika Divine, kampuni ya chokoleti iliyoanzishwa Uingereza, jambo ambalo babu zao wa zama za wakoloni wasingelithubutu hata kuliota.

Hatuwezi kuyadharau mambo hayo. Mama aliyekuwa akitembea mwendo mrefu kuchota maji, akapata kisima kijijini, hatamwambia mtu kwamba muhuri ni upuuzi mtupu. Wala kijana aliyefundishwa kuvaa kinga kabla ya kupiga dawa hatasema kwamba hakujifunza kitu.

Lakini na tuangalie vizuri. Visima na madarasa hayo yametokana na kura za watu waliokuwa wamekwisha kujikusanya katika chama chao. Muhuri ulikuta nyumba imekwisha jengwa, ukatia chokaa. Mahali ambapo hapana nyumba, chokaa hupakwa wapi?

WALIOSAHAULIWA

Sasa tuwarudie wale tuliosema watu wawakumbuke. Asiyekuwepo na lake halipo. Hati huandika jina la mwenye shamba. Mtunzaji wa abusa, ambaye pengine ndiye anayekaa shambani mwaka mzima wakati mwenye shamba yuko mjini, mara nyingi si mwanachama. Masharti humfikia; nyongeza humfikia ikiwa mwenye shamba ana moyo wa kugawa. Akiambiwa palizi iwe ya mkono badala ya dawa, mgongo unaoinama ni wake. Akiambiwa kumbukumbu ziandikwe, siku inayopotea ni yake.

Mke naye hivyo hivyo. Shamba likiandikwa kwa jina la mume, uanachama ni wa mume, kura ni ya mume, na mafunzo huitiwa mume. Siku ya malipo mke husubiri nyumbani aone kitakachorudi. Vyama vilivyoweka viti vya wanawake vimejitahidi, lakini kiti katika kamati hakimpi mke haki juu ya ardhi aliyoilima miaka ishirini. Mume akifa, huenda asiachiwe hata mti mmoja.

Na kibarua je? Hapa ndipo neno hili linapotugusa sisi tunaoishi kwa ujira. Mwaka 2017 wataalamu kadhaa, wakiwamo Carlos Oya, Florian Schaefer na Dafni Skalidou, walikusanya pamoja uchunguzi uliofanywa na watu wengi juu ya hati za kilimo katika nchi na mazao mbalimbali. Waliona kwamba wakulima wenye hati kwa jumla walipata bei nzuri zaidi kwa zao lao. Lakini mishahara ya watu walioajiriwa kulima mazao hayo haikuonekana kufaidika. Maana yake ni kwamba neno "haki" lililoandikwa juu ya chokoleti lilifika kwenye mlango wa mwenye shamba, likaketi hapo. Halikupiga hatua nyingine kumi kumfikia mwenye panga.

Wala hatustaajabu. Mkulima ambaye mwenyewe ni maskini atampaje kibarua wake ujira mwema? Hawezi kumgawia mwenziwe haki ambayo yeye mwenyewe hajaipata.

MTOTO NA MKAGUZI

Jambo linalowaumiza watu kuliko yote ni la watoto. Uchunguzi wa Chuo Kikuu cha Chicago uliotolewa mwaka 2020 ulikadiria kwamba katika msimu wa 2018/19 watoto wapatao 1,560,000 walikuwa katika kazi zisizowafaa kwenye mashamba ya kakao ya Kodivaa na Ghana, wengi wao katika kazi za hatari: kushika panga kali, kubeba mizigo mizito, kuwa karibu na dawa za sumu. Hiyo ni karibu miaka ishirini baada ya mapatano ya 2001.

Hatusemi kwamba mtoto asimsaidie mzazi wake. Sote tumelelewa hivyo. Tulichunga, tulifukuza ndege, tulichota maji, kisha tukaenda shule. Tunasema juu ya mtoto anayekosa shule na anayejeruhiwa. Na mtoto huyo haingii shambani kwa kuwa baba yake ni mkatili. Huingia kwa sababu baba hana fedha za kumlipa kibarua mtu mzima, au kwa sababu shule iko mbali, au kwa sababu ada na sare zimeshinda mfuko.

Mkaguzi afanye nini hapo? Akijulikana siku atakayofika, mtoto hataonekana siku hiyo. Na akimkuta, adhabu humwangukia nani? Mwishoni mwa mwaka 2009 jumuiya saba za wakulima ndani ya Kuapa Kokoo zilisimamishwa baada ya kugunduliwa kwamba watoto walitumikishwa. Yawezekana ilikuwa lazima, maana muhuri usiosimamisha mtu ni karatasi tu. Lakini hebu tufikiri: umaskini ndio uliomtuma mtoto shambani, na dawa iliyotolewa ni kuwapunguzia wazazi fedha. Tena kwa nini mzazi amwambie mkaguzi ukweli, ikiwa ukweli utakifunga kisima cha kijiji?

HESABU YA DOLA SABINI

Na tufanye hesabu, maana hesabu haina upendeleo. Tuseme mkulima wa Ghana amevuna tani moja, yaani magunia 16 kwa desturi ya huko. Wengi hawaipati hiyo tani. Nyongeza ya dola 70 kwa tani ni kama dola nne na senti arobaini kwa gunia. Ikigawanywa kwa miezi kumi na miwili, haifiki dola sita kwa mwezi, kwa nyumba nzima: baba, mama, watoto na mgeni aliyepita.

Sasa tulinganishe na soko. Mwaka 2024, baada ya mvua mbaya na magonjwa kuiharibu miti ya Afrika ya Magharibi, bei ya kakao katika London na New York ilipita dola 10,000 kwa tani. Zilikuwapo siku katika mwaka huo ambazo bei ilipanda au kushuka kwa mamia ya dola kati ya asubuhi na jioni. Lakini mkulima wa Ghana hakuipata neema hiyo ilipokuja, kwa kuwa sehemu kubwa ya mavuno ilikuwa imekwisha uzwa mapema kwa bei ya zamani. Na mwaka 2025 bei ikaporomoka. Basi dola 70 ni kijiko cha maji kwa mtu ambaye mto unapita mbele ya mlango wake, nao una wenyewe.

Gharama nazo hazitajwi dukani. Kufundisha watu, kuandika daftari, kumlipa mkaguzi, kununua kinga, kupima mipaka ya shamba: yote hayo hula fedha na siku za kazi. Mara nyingi, hasa katika Ghana, hati yenyewe si mali ya wakulima bali ya kampuni inayonunua mazao yao. Mkulima akitaka kumhama mnunuzi huyo, huiacha hati nyuma yake. Tena masharti ya mihuri hii huruhusu kakao yenye hati kuchanganywa na isiyo na hati njiani au kiwandani, mradi hesabu ya tani zilizonunuliwa ilingane na ya tani zinazouzwa kwa muhuri. Kwa hiyo anayekula "chokoleti ya haki" pengine hakula hata mbegu moja ya mkulima aliyetimiza masharti.

Juu ya hayo imekuja sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023, inayokataza kuingiza kakao iliyotoka katika ardhi iliyofyekwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Utekelezaji wake umeahirishwa, lakini vijiji vimekwisha anza kupimwa shamba kwa shamba. Kuulinda msitu ni jambo jema; asiye na msitu hana mvua, na asiye na mvua hana kakao. Hofu yetu ni kwamba mwenye shamba asiye na ramani, na mtunzaji asiye na karatasi yoyote, watafungiwa mlango kwa kosa la kutojulikana.

NGUVU ILIKO

Labda mtu atatuuliza: Je, mnataka mihuri ifutwe? La hasha. Twataka watu wajue nguvu iko wapi.

Historia imekwisha kutufundisha. Mwaka 1937 karibu makampuni yote makubwa ya Kizungu yaliyonunua kakao katika Gold Coast yalipatana kwa siri yasishindane kwa bei. Wakulima walipopata habari, wao na machifu wao waliamua kutouza. Tangu Novemba 1937 hadi Aprili 1938 magunia yalikaa ghalani, na watu wakasusia bidhaa za makampuni hayo. Serikali ya Uingereza ikalazimika kupeleka Tume ya William Nowell, nayo Tume ikayalaumu mapatano ya wanunuzi. Wakulima wale hawakuwa na muhuri wala chura. Walikuwa na neno moja tu.

Na mfano wa karibuni ni huu. Mwaka 2019 Ghana na Kodivaa ziliafikiana kudai dola 400 zaidi kwa kila tani, ili mkulima apate kuishi kwa jasho lake. Wanunuzi wengine wakakubali kwa mdomo, kisha wakapunguza malipo mengine waliyozoea kulipa. Novemba 2020 nchi hizo mbili ziliishutumu kampuni ya Hershey kwamba inakwepa kulipa dola hizo, zikasimamisha mipango yake yote ya hati katika ardhi yao. Siku chache hazikupita, maelewano yakapatikana na mipango ikarudishwa. Hapo ndipo tulipoona thamani ya muhuri: aliyeuhitaji zaidi hakuwa mkulima, alikuwa muuzaji wa chokoleti. Na kitu ambacho mwenzako anakihitaji kwako, usikitoe bure.

NENO KWETU SISI

Mambo haya hayako mbali nasi. Kakao inalimwa Kyela, mkoani Mbeya, na sehemu yake imekuwa ikiuzwa ng'ambo kwa hati ya kilimo kisichotumia dawa za viwandani. Mauzo ya huko siku hizi hupitia vyama vya ushirika na minada. Huo ni mwanzo mzuri. Lakini mwanachama wa ushirika asikae kimya hati inapoletwa. Na aulize mkutanoni, mbele ya watu: Hati hii ni ya nani, yetu au ya mnunuzi? Gharama zake analipa nani? Nyongeza ni kiasi gani, na daftari lake liko wapi? Jina la mke wangu limeandikwa? Kibarua anayevuna atapata nini? Na ikiwa shida itagunduliwa, tutasaidiwa kuiondoa, au tutafukuzwa?

Kwa maoni yetu, hati isiyoweza kuyajibu maswali hayo haistahili kubandikwa hata juu ya gunia tupu. Na inayoweza kuyajibu, tuipokee kwa mikono miwili, tuitumie, tuidai zaidi. Mtunzaji wa abusa aandikwe. Mke aandikwe. Kibarua awe na chama chake na ujira unaojulikana. Na bei izungumzwe kwanza, kabla ya muhuri, kwa sababu mkulima anayelipwa sawasawa atampeleka mtoto shule bila ya kusimamiwa na mgeni mwenye kalamu.

Mnunuzi wa ng'ambo anataka kula kwa amani. Ni haki yake. Aliyeipanda, aliyeivuna na aliyeikausha kakao hiyo, yeye naye anataka kulala kwa amani, akijua kesho watoto wake watakula nini. Muhuri utakaotosha ni ule ambao yeye mwenyewe, pamoja na wenziwe, wameuweka kwa mkono wao.